Chumvi Niliyoitia Mwenyewe

Mume wangu Ilunga,

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza, nimevua viatu, na badala ya kujilaza kama ninavyofanya kila Jumapili tangu uondoke, nimekaa mezani nikuandikie. Usicheke. Ulikuwa ukisema mimi nikishika kalamu ni kuandika vipimo vya watu tu, kiuno, kifua na urefu wa mkono, na kwamba barua yangu ya mapenzi ingeishia kwenye sentimita. Haya, leo nakuandikia bila sentimita.

Alhamisi wananipima damu. Daktari amesema waziwazi: damu ikiwa imepanda, watanipasua, watoe ule uvimbe kwenye kifuko cha mayai na kusafisha kila mahali ugonjwa ulipojishikiza. Isipopanda, narudi nyumbani na maumivu yangu kungoja tena, na hakuna aliyeniambia nitangoja hadi lini. Na damu haipandi kwa rozari peke yake, Ilunga. Inapanda kwa kula. Hilo ndilo lililonishinda miaka hii mitatu, na sababu yake nimeificha kwa kila mtu, hata kwako ulipokuwa hai unanitazama machoni. Leo nitaisema yote.

Lakini niache nianze na wakati tulipokuwa wawili, maana nikianza na mabaya nitashindwa kuendelea.

Unakumbuka mwezi wetu wa kwanza katika nyumba hii? Nilianguka jikoni, nikajikunja sakafuni, nikauma kitambaa cha meza ili majirani wasisikie. Wewe ulidhani nimekula kitu kibaya. Ulinipakia kwenye baiskeli, ukanisukuma mpaka kwenye kituo cha afya, jasho linakutoka, na yule muuguzi alinitazama mara moja tu akasema, "Ni mambo ya banamuke, papa. Atazoea." Ukamwuliza, "Miaka ngapi ya kuzoea?" Akaita mgonjwa mwingine. Nilikuwa na maumivu yale tangu nina miaka kumi na minne, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo kwa ajili yangu. Nilikupenda zaidi siku ile kuliko siku ya harusi, ingawa sikukwambia.

Kisha ikaja ile miaka ya watu kutugawia dawa za maneno. Azae tu, yataisha. Anakunywa maji ya baridi, ndiyo maana. Mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alinipa udongo mweupe wa pemba nitafune, ati unarudisha damu, na mimi nikatafuna vipande na vipande mpaka ulimi ukakauka. Mpaka tulipompata yule daktari wa mashine ya kutazama tumbo, akatuambia ugonjwa una jina. Endometriosi. Ulimfanya alitamke mara tatu, ukaliandika kwenye kiganja kwa chaki yako ya kuchorea vyuma. Alitueleza kwamba kuna nyama inayofanana na ile ya ndani ya tumbo la uzazi, ila imeota nje, mahali pasipo pake, na kila mwezi inavimba na kutoa damu isiyo na njia ya kutokea. Ukasema, "Donc hapana uongo yake. Iko kintu." Tulitoka pale na ugonjwa usiopona, na mimi nilikuwa na furaha kwa sababu nilikuwa nimeaminiwa.

Ndipo ulipoanza wazimu wako wa chakula.

Mama Odile, yule muuguzi wa mambo ya lishe, alitukalisha saa nzima. Alisema chakula hakifukuzi ugonjwa huu, asitokee mtu wa kutudanganya, lakini mwili uliokula vizuri unapigana vizuri, na wanawake wengine maumivu yao yanapungua kidogo. Akataja majani ya lenga-lenga, sombe ya majani ya muhogo, maharage, kalanga, samaki wadogo wa ndakala wanaoliwa na mifupa yao. Akasema nipunguze sukari, mikate ya kukaanga na pombe. Vidonge vya chuma nimeze na pera au chungwa, nisivimeze kamwe na chai, na ule udongo niutupe siku hiyohiyo, kwa maana unakamata chuma tumboni na kukinyima damu. Akaandika na magnesiamu kwa ajili ya kukaza kwa misuli, na vidonge vya mafuta ya samaki, akisema tujaribu miezi mitatu, tukiona havisaidii tuviache.

Mimi nilisahau nusu kabla ya kufika mlangoni. Wewe ulifika nyumbani ukaandika kila neno kwenye mlango wa jikoni kwa ile chaki yako. Asubuhi hivi, mchana hivi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: CHAI HAPANA. Kila mgeni aliyeingia alidhani tunauza chakula. Ulikuwa unanisimamia kama mwalimu. Nikifungua kopo la mafuta ya samaki unauliza, "Umemeza?" Nikimeza unauliza, "Imeshuka?" Mawee! Vile vidonge vilinifanya nibeue samaki mpaka wakati wa komunyo, na wewe ukicheka mabega yanatikisika.

Yalipungua, Ilunga. Sijui ilikuwa magnesiamu, au tangawizi uliyokuwa ukinichemshia, au ni kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa anangoja nimeze. Hayakuisha, lakini siku nne za kulala zikawa mbili. Nilishona sare za shule nikiwa nimekaa wima. Nilidhani tumeshinda.

Lakini kulikuwa na jambo la chumvi.

Mtu wa mbali akisoma hapa atacheka, kwa hiyo nitamweleza. Kwetu sisi, mwanamke akiwa kwenye siku zake anaweza kupika, ila chumvi isitoke mkononi mwake. Akiitia, mume atakayekula atashikwa na kikohozi kisichopona. Hakuna aliyetufundisha shuleni wala kanisani. Tulikua nalo. Hata wale wenye diploma ukutani, mke akiwa kwenye siku zake utasikia anaita mtoto: njoo utie munyu. Mtoto anatia, mambo yanaisha, hakuna anayelizungumzia.

Sisi hatukuwa na mtoto. Watu wa mtaa walikosa hata jina la kutuitia, kwa hiyo wakakupa jina la kazi yako, Papa Sudire, kwa ajili ya kuchomelea, na mimi nikawa Mama Sudire, mama wa mageti na madirisha. Tulicheka. Lakini kila mwezi nilipokaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, chungu kinachemka, nikashindwa kutia kijiko cha chumvi, ndipo nilipokuwa nahesabu watoto nisiokuwa nao. Wanawake wengine damu inawachukua siku tatu, nne. Mimi ilinichukua kumi. Theluthi ya maisha yangu nilikuwa ninakula kwa mkono wa mtu mwingine.

Mwanzo alikuja Mwadi, binti wa jirani. Alitia kwa ngumi nzima, mtoto wa watu, mboga ikatushinda kula. Siku alizokuwa shuleni ulileta bitoyo, ukisema kwa uso mkavu, "Hii samaki iko na munyu yake tangu kule ilitoka. Hapana muntu mwenye aliitia hapa." Nilicheka mpaka tumbo likaniuma zaidi. Kisha Mama Odile akasema samaki wa chumvi kila siku hapana, atanivimbisha miguu bure. Basi ukaanza kuja mwenyewe. Saa sita mchana unaacha kazi, unavuka barabara na miwani yako myeusi kwenye paji la uso, unanawa, unachukua kijiko, unatia. Kidogo mno, siku zote kidogo mno, unaogopa kumwaga. Unarudi kazini. Mwanamume mzima aliyekulia mtaa wa Panda, mikono imejaa makovu ya cheche, anakuja nyumbani kutia chumvi.

Mama yako alikukuta siku moja, kijiko mkononi. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka pale mlangoni, nilimwona kabla yako, nikakosa sauti ya kukuonya. Alisimama, akasema, "Ilunga! Weye njo mwanamuke wa hii nyumba sasa?" Ukamjibu polepole, "Mama, minye nachoma chuma kila siku. Munyu njo itanishinda?" Hakukaa. Hakunywa hata maji. Aliniangalia mimi, si wewe, na tangu siku ile kila nilipomsalimia alijibu akiutazama ukuta. Wewe hukuacha kuja, ila ulianza kufunga mlango kwanza.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Ilikuwa ni wakati ule umeme ulipokatika siku mbili, ukarudi asubuhi ya tatu. Unajua umeme ukirudi mtaa wetu unavyokuwa: kila mwenye mashine anaikimbilia kabla haujakatika tena. Ulikuwa na geti la parokia, bawaba moja tu imebaki. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Mwadi alikuwa shuleni. Mimi ilikuwa siku yangu ya pili, ile mbaya kuliko zote, na hata hivyo nilikuwa nimejikokota nikapika lenga-lenga na kalanga iliyopondwa, bukari, ugali wetu, imefunikwa, nasikia mashine yako ng'ambo ya barabara inalia na kunyamaza. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa na vidonge vya kumeza na chakula. Nilikuwa na hasira pia, nisikudanganye, si na wewe, na lile kopo la chumvi lililokuwa linanitazama pale juu ya rafu kama askari.

Nikasimama, nikalichukua, nikatia. Nikakoroga. Nikaonja. Nikarudisha kopo mahali pake na kugeuza kifuniko kama kilivyokuwa.

Ulipokuja ulisema, "Samahani, Monique, geti ilinishika. Nani alitia?" Nikasema Mwadi alipita. Ulikaa, ukala. Ukaomba tena. Ukafuta sahani kwa tonge la mwisho, ukasema, "Leo njo tumekula." Mimi nilikuwa nakuangalia koo likipanda na kushuka. Niliogopa na wakati huohuo nilifurahi, na furaha ile ndiyo iliyonitesa baadaye.

Miezi miwili haikuisha, ukaanza kukohoa.

Daktari alituonyesha picha ya mapafu. Alisema ni moshi wa kuchomelea, miaka kumi na nane bila kufunika pua, na vumbi juu yake. Alisema jambo hilo halikuanza jana wala juzi. Nilielewa kila neno. Nimesoma, Ilunga, si mjinga. Nikitoka pale nilikuwa naelewa, na nikifika nyumbani nikiona lile kopo sielewi tena. Nilihesabu siku kutoka lenga-lenga ile mpaka kikohozi cha kwanza. Nilihesabu mbele na nyuma. Ulikuwa unakohoa chumbani na mimi jikoni nashika mdomo. Mara ngapi nilikuja kitandani pako nikwambie! Unaniangalia, unauliza, "Umemeza vidonge yako?" na mimi nasema ndiyo, na neno linarudi tumboni.

Ukafa nikiwa sijasema.

Matangani, siku ya tatu, mama yako alisimama katikati ya wanawake waliokaa chini akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nani alikuwa anatia munyu mu chakula ya mutoto wangu?" Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasema, "Mutoto wa jirani, mama. Siku zote." Nilimtupia mtoto wa miaka kumi na moja, ambaye wanawake sasa wangejiuliza kama naye ameshaanza siku zake. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, lakini mama yake alisikia, na tangu jioni ile Mwadi hakuvuka tena ua wetu. Ndiyo hivyo nilivyomfukuza mtu wa mwisho aliyekuwa akinitilia chumvi.

Baada yako nimeishi hivi. Siku zangu njema napika kama mtu. Siku zangu zikifika, mbabula inakaa baridi. Nakunywa chai, nakula mkate. Siku kumi za chai na mkate, na damu inatoka. Najua sina mume wa kumlinda. Najua hakuna kifua ndani ya nyumba hii isipokuwa changu. Nimejiambia hayo kwa sauti, mwenyewe, kama mwendawazimu: Monique, kikohozi kitamshika nani sasa? Nachukua kopo, mkono unakataa. Nikaona afadhali nisipike kabisa kuliko kukaa mbele ya chungu kama mwizi.

Mwaka huu maumivu yalipanda hadi mgongoni na mguuni, nikarudi hospitali, daktari akasema kupasua. Mama Odile akanipa daftari, niandike ninachokula kila siku. Nilimpelekea baada ya mwezi. Alifungua, akafunua, akafunua, akarudi nyuma.

"Mama Sudire, juu ya nini hizi karatasi ziko wazi?"

"Nilikunywa chai."

"Na nini?"

"Na mukate."

"Na vidonge ya chuma?"

"Na chai."

Alivua miwani yake. "Ile siku damu inatoka, njo ile siku hauna kula? Weye unataka kupona ao hapana?"

Ningemwambia nini? Ningesema nataka, na kwamba nimemuua mume wangu kwa kijiko kimoja cha chumvi, kwa hiyo nimejikataza? Nilisema nitajaribu. Nilipofika nyumbani nilijaza zile kurasa kwa uongo, siku kwa siku, maharage, sombe, ndakala, nikaandika vizuri mno, na damu walipoipima ikasema ukweli. Imeshuka zaidi. Ndipo daktari akanipa mwezi mmoja huu unaoisha Alhamisi.

Sasa sikiliza lililotokea Jumanne iliyopita, kwa maana ndilo lililonikalisha hapa.

Ilikuwa siku yangu ya pili. Nilikuwa kwenye mkeka, chai imepoa. Mlango ukafunguliwa bila hodi, nikaona kwanza miguu yenye vumbi, kisha kitenge, kisha uso wa mama yako. Alikuwa ametembea kutoka Panda kuja kuniambia tarehe ya misa yako ya kumbukumbu. Miaka mitatu hatujaongea isipokuwa kwa vichwa. Alisema tarehe. Akaangalia kikombe. Akaangalia mbabula. Akagusa majivu kwa kidole, akaona ni ya zamani.

Alitoka, nikadhani ameenda zake. Akarudi na fungu la lenga-lenga na ndakala kwenye karatasi. Akawasha makaa, akachambua majani, akaponda kalanga, anapumua kwa nguvu kama wazee wanavyopumua, na mimi pale chini kama mtoto mgonjwa. Harufu ilipojaa nyumba nilianza kulia kimyakimya. Tangu ufe hakuna mtu aliyenipikia humu ndani. Mtu anaweza kusahau kabisa kwamba chakula kinaweza kupikwa na mtu mwingine.

Kisha akachukua kopo. Nilingoja atie. Akaja nalo mpaka kwenye mkeka, akaniinamia, akalileta mbele ya uso wangu.

"Tia."

Nikasema, "Mama, niko ndani ya siku zangu."

"Minye naona. Tia weye."

Ilunga, nilishika mguu wake. Maneno yalinitoka yote bila mpango: umeme, geti, saa saba, kopo, sahani uliyoifuta, Mwadi niliyemsingizia. Nilisema, "Minye njo nilitia, mama. Minye njo nilimuua." Nikangoja anipige. Nilitaka anipige.

Akakaa chini. Akasema, "Ninajua."

Nikamwangalia.

"Aliniambia kule hospitali. Alisema, mama, minye natiaka kidogo, Mwadi anatiaka mingi, ile siku ilikuwa sawasawa. Njo nilijua ni Monique. Nikaomba ingine." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa anacheka. Anakohoa na anacheka."

"Basi juu ya nini uliniuliza mbele ya batu?"

Chungu kikaanza kumwagika, akanyoosha mkono akatoa kifuniko. "Nilitafuta muntu wa kuchukia," akasema. "Weye njo ulikuwa karibu." Halafu, kama mtu aliyekasirishwa na ujinga wangu: "Na weye, akili yako iko wapi? Mbele ya kumuzala Ilunga, minye na baba yake tulikaa mu mashamba, batu babili tu. Unazani nani alikuwa anatia munyu? Kuku? Na ule muzee alikufa na meno yake yote."

Nilicheka, Ilunga. Haki ya Mungu, nilicheka na kamasi usoni, na yeye akacheka bila kutaka, akajifunika mdomo. Kisha akanisukumia kopo tena. Nikatia. Tukala kutoka sahani moja, yeye akinisogezea samaki upande wangu. Alipoondoka aliniambia nisimletee machozi siku ya misa, nilete viti.

Jana nilikwenda kwa mama yake Mwadi nikasema ukweli wote mbele ya mtoto, ambaye sasa ni binti mrefu kuliko mimi. Hawakunirahisishia. Mwadi aliniambia, "Minye miaka tatu naogopa kutia munyu mu chakula ya papa wangu." Nimelala na sentensi hiyo, na naistahili.

Ninakula. Jumanne mpaka leo ni siku sita, sijaruka hata moja. Lenga-lenga, maharage, ndakala na macho yao. Chuma na pera, chai saa nyingine kabisa. Mafuta ya samaki yananibeuza kama zamani, na hakuna wa kunicheka. Sijui siku sita zitatosha nini mbele ya miaka mitatu. Pengine Alhamisi watasema bado. Wakisema bado, nitakula mwezi mwingine.

Lakini na wewe nina neno. Ulijua! Ulikaa kwenye kitanda kile mwaka mzima, unaniona nakonda, unaniona naliangalia kopo, na ulijua, ukamwambia mama yako, mimi hukuniambia. Kwa nini? Uliona haya kwa ajili yangu? Ulidhani ukinyamaza utakuwa unanihifadhi? Nimekukasirikia siku sita mfululizo. Nimekutukana nikiosha sahani. Neno moja tu, Ilunga. Ungesema tu, Monique, ile mboga ilikuwa tamu.

Na nitakwambia kitu cha mwisho, nisichoweza kumwambia mama yako wala Mama Odile. Miaka hii yote hatia ile ilinipa kazi. Kila siku nilikuwa nakuomba msamaha, nabishana nawe, nahesabu tena siku, nakueleza upya jinsi umeme ulivyochelewa. Tulikuwa tunaongea. Nililala na kuamka nikiwa na jambo na wewe. Nilidhani ninachoogopa ni kwamba nilikuua. Kumbe nilikuwa naogopa siku nitakapojua kwamba sikukuua, kwa maana siku hiyo hatutakuwa tena na jambo lolote, mimi na wewe, na utakuwa umekufa tu.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kaa vizuri huko uliko, usivute tena moshi wa mtu yeyote. Mimi naenda kupika.

Mke wako,
Monique